Kichwa Changu, Mkia Wenu

Majina siandiki. Sijayasahau. Mimi nasahau miadi na nasahau nilipoweka kofia, lakini mtu aliyenikosea simsahau. Siandiki kwa sababu wengi wao bado wanapita Katoro siku ya gulio, na mguu wangu mmoja haukimbii. Nitawaonyesha kwa kazi zao na vituko vyao tu, na msomaji wa huku kwetu atajua nani ni nani kabla hajageuza ukurasa.

Wa kwanza ni mwalimu wangu wa Kiingereza wa darasa la nne, kijijini kwetu upande wa Shinyanga. Huyu alitufundisha mwaka mzima kwamba hii ni peni. Aliinua peni, tukaimba kuwa hii ni peni. Akaiweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili, tukaimba kuwa ile ni peni. Mwaka uliofuata marehemu baba yangu, ambaye ni wa pili, na Mungu amrehemu lakini lazima niseme, alinitoa shule nikachunge ng'ombe. Kiingereza changu kikaishia kwenye peni. Tangu hapo nimechimba dhahabu zaidi ya miaka ishirini, nimeshuka kwenye maduara ambayo wewe usingemshusha hata mbuzi wa jirani, na sijawahi kukutana na mtu huko chini ambaye shida yake ilikuwa kutojua kama hii ni peni.

Duara ni shimo letu sisi wachimbaji wadogo. Linaanzia mdomoni, linakwenda chini wima, halafu huko chini linatambaa kuufuata mwamba. Kuta zake zinashikiliwa na miti, tunaiita matimba. Mtu anashuka amesimama ndani ya pipa lililokatwa nusu, pipa linaning'inia kwenye kamba, kamba inapita juu kwenye kapi, na vijana wanne wenye vifua wanazungusha gogo la kamba ile. Pembeni ya mdomo anakaa mtu mmoja. Yeye habebi wala hachimbi. Kazi yake ni kusikiliza walio chini na kuwaambia wanaozungusha wafanye nini: shusha, pandisha, simama. Tunamwita mtu wa mdomoni. Akilala yeye, chini kule mnalala wote.

Wa tatu kwenye orodha yangu ni fundi wa matimba aliyeweka miti mibichi kwa kuwa miti mikavu ilikuwa mbali na baiskeli yake ilikuwa na pancha. Wa nne ni mtu wa mdomoni wa siku ile. Tulimpigia kelele kutoka chini kwamba miti inalia, tupandisheni. Hakujibu. Alikuwa ameondoka kwenda banda la video kuangalia mpira. Timu yake ilifungwa, nashukuru, lakini na mimi nilifukiwa.

Nilikaa chini ya kifusi siku moja na nusu. Sitaieleza sana, kuna watu wanaisimulia vizuri kuliko mimi na hawakuwepo. Nitasema mambo mawili tu. La kwanza, aliyenifikia alichimba kwa mikono, kucha zikamtoka, na huyo ni rafiki yangu Baba Mapacha. La pili, kabla hajanifikia nilikuwa nasikia sauti ya mtu mgeni huko juu, mzungu mmoja aliyekuwa akipita njia ya Geita akasimama kusaidia, inaita bila kuchoka: "Holdi oni! Holdi oni!" Sikulijua neno lile. Nikadhani wanamtafuta mtu anayeitwa hivyo. Nikapata hasira ambazo sijazipata tena: yaani hata kufukuliwa nimepitwa kwenye foleni! Nikapiga kelele, "Hayupo huyo! Niko mimi!"

Baadaye hospitali nesi akaniambia maana yake ni vumilia, usikate tamaa. Nikamuuliza holdi ni nini. Akasema ni kushika. Na oni? Juu ya. Kwa hiyo nishike juu ya nini? Akasema, "Baba, acha maswali, meza dawa."

Ndivyo nilivyoanza kuyachunguza maneno hayo, nikiwa na mguu uliofungwa mbao.

Mguu uliungana vibaya. Kushuka duarani nikashindwa, kulima nikashindwa, hata kuendesha bodaboda nikashindwa kwa sababu mguu mbovu ndio wa breki. Mke wangu alinitunza bila kunung'unika kwa miezi, halafu akaanza kunung'unika, ambayo ni haki yake. Kikundi chetu kikanipa kile kiti cha mdomoni. Ni kiti cha plastiki kisicho na mkono mmoja, kimefungwa mpira wa tairi mgongoni. Nilikipenda kuliko kitanda changu. Kwanza, hakikuwepo kingine chochote duniani ambacho ningeweza kukifanya nikaitwa mtu anayefanya kazi. Pili, Baba Mapacha alikuwa bado anashuka kila asubuhi, na mimi nilikuwa najua kiti kile kinaweza kufanya nini kikibaki kitupu. Watani waliniita Mzee Kifusi. Niliwajibu kwamba kifusi ni mimi niliyetoka, wao bado wanakisubiri.

Basi akaja mhandisi.

Kikundi kilikuwa kimeingia ubia na watu wa nje waliotaka kuchimba na sisi kwa utaratibu wa kisasa, na huyu ndiye waliyemtuma. Mzungu mrefu, mpole, anayesahau kikombe chake cha chai kila mahali, mpaka kuku wetu wakaizoea chai. Siku ya pili akabandika karatasi kwenye nguzo: kuanzia sasa amri zote za mdomoni zitatolewa kwa Kiingereza, ili na yeye azielewe. Sisi tulikuwa kumi na saba, yeye mmoja. Hesabu hiyo hakuna aliyemsomea.

Mwenyekiti wetu, ambaye ni wa tano, na ambaye mpaka siku ile hakuwa amewahi kuweka hata kisigino ndani ya duara, akatukusanya.

"Jamani," akasema, "dunia imebadilika. Mtu wa mdomoni lazima awe na lugha. Baada ya wiki mbili mhandisi atafanya majaribio. Atakayeweza, kiti chake."

"Na asiyeweza?" nikauliza.

"Asiyeweza atapumzika. Wewe mwenyewe umeteseka sana, kaka. Mwili unahitaji kupumzika."

"Mwili wangu ulipumzika siku moja na nusu mfululizo, Mwenyekiti. Haukunufaika."

Watu wakacheka. Yeye akatabasamu kama mtu mwenye karata mfukoni, na kweli ilikuwepo: mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha sita, ana cheti cha Kiingereza kutoka Mwanza kilichowekwa kwenye fremu. Nilikiona. Kilikuwa na vumbi kidogo kuliko mimi.

Nikaanza kujifunza. Kusoma nasoma polepole, kwa hiyo nilitumia masikio. Kila mhandisi alikokwenda nami nilikuwa nyuma nikichechemea, na dereva wake, kijana wa Kahama aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi mikubwa, ndiye akawa mwalimu wangu. Naandika hapa kama nilivyosikia. Anayetaka tahajia ya shule, shule zipo.

Jambo nililoligundua mapema ni kwamba wenzetu wana maneno machache sana ya kufanya kitu, na wanayatumia kwa kila kitu. Geti, kwa mfano. Asubuhi mhandisi anamwambia dereva geti ini, anaingia garini. Wakifika, geti auti, anatoka. Akimkuta amesinzia, geti apu, anaamka. Mbuzi akiingia kwenye hema la ramani, geti awei, na mbuzi anaelewa kabla yangu. Neno ni lile lile moja, limekaa tu kama abiria. Kinachoendesha ni kile kidude cha nyuma. Nikaviita vidude hivyo mikia.

"Sasa kikiharibika kitu?" nilimuuliza dereva siku moja tumekaa kwenye tairi.

"Gari? Breki dauni."

"Kuvunja, chini."

"Ndiyo. Limekufa."

"Na mwizi akivunja mlango?"

"Breki ini."

"Hiyo naielewa. Na mtu akiachana na mchumba wake?"

"Breki apu."

"Yaani gari likivunjika linakwenda chini, mapenzi yakivunjika yanakwenda juu?"

"Ndivyo wanavyosema, mzee."

"Na hawa ndio walioleta utaratibu wa kisasa?"

Dereva akacheka mpaka akashuka kwenye tairi. Siku iliyofuata akaniletea puti. Puti oni, unavaa kofia ya chuma. Puti auti, unazima sigara. Puti ofu, unaahirisha kikao. Hiyo mwenyekiti wetu aliipenda sana hata kabla ya kuijua. Halafu akanipa moja kwa sauti ya chini, kama anayenionyesha kipande cha dhahabu nyuma ya duka: puti apu widhi. Kuvumilia mtu asiyevumilika.

"Hiyo ina mikia miwili!"

"Ukikata mmoja, maana yote inakimbia."

Mke wangu nilimwambia neno hilo jioni ile nikamweleza na maana yake. Akasema, "Kumbe wanalo na wao," akaendelea kuchambua dagaa.

Sisi hatufanyi hivyo. Neno letu linabeba mzigo wake tumboni. Ukisema fungua, au fungia, au funganisha, kila kitu kimo humo humo ndani, huwezi kukidondosha. Wao mzigo wameufunga nyuma kwa mpira, kama bodaboda anayepeleka godoro Ushirombo. Mpira ukikatika, godoro linabaki barabarani na dereva anaendelea mbele akiwa na furaha zake. Nilisema hivyo, nikacheka. Ningekumbuka mfano wangu mwenyewe, yaliyofuata yasingetokea.

Mimi neno nilikuwa nimelikamata, lakini amri haiishii kwangu. Wale vijana wanne wanaozungusha wanakaa nyuma ya turubai la kukinga jua, wameinamisha vichwa, hawauoni mdomo wa duara. Wanaishi kwa masikio. Nikiwaambia go dauni wanauliza, "Umesemaje?" na Baba Mapacha ananing'inia. Nikiwaambia holdi oni, wawili wanasimama na wawili wanaendelea. Siku tatu ilikuwa vurugu tupu. Baba Mapacha akatoka akiwa na nundu, akaniambia, "Bhabha, mimi nashuka kwa Kisukuma au sishuki."

Hapo nikapata wazo. Huku kwetu watu wakilima kwa pamoja hawalimi kimya. Mmoja anaanzisha, kundi linamalizia, na majembe yanaanguka kwa sauti ile ile. Vijana wangu wote wamekulia humo. Mkono wa mtoto wa Kisukuma hausubiri kichwa, unasubiri kiitikio. Nikawaambia: mimi nitatoa kichwa, ninyi mtaitika mkia, na mkishaitika ndipo mnazungusha.

"Go!"

"Dauni!" Na pipa linashuka.

"Kamu!"

"Apu!" Linapanda.

"Holdi!"

"Oni!" Linasimama palepale, kama limepigwa msumari.

Ilikuwa tamu, jamani. Ndani ya siku mbili walikuwa wameshaongeza na mwendo wa mabega. Walikuwa hawafikirii tena; kichwa kikitoka, mkia unatoka, gogo linazunguka. Watu wa maduara ya jirani walikuja kutusikiliza. Mhandisi alikuwa akisikia kutoka hemani kwake, anaona pipa linakwenda na kurudi bila kugongana na kitu, akainua kidole gumba. Mwenyekiti naye aliona kidole kile, na akanuna.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nililiona mapema na sikulisema. Vijana wale walikuwa wanaitika kichwa chochote, si changu tu. Mama anayetuuzia maandazi alimwita mbwa wake kwa Kiingereza kwa utani, akasema kamu, na pipa la mawe likapanda peke yake. Tulicheka. Mimi nilicheka na kuwaza. Mpwa alikuwa hajawahi kufika mdomoni hata siku moja kufanya mazoezi. Alikuwa anakuja na shati lake, anasimama mbali, anasema yeye lugha anaijua. Ningeweza kumwambia, kijana, chunga, wale wanaitika. Sikumwambia. Nililala usingizi mzuri wiki nzima kwa kutomwambia.

Siku ya majaribio ikafika asubuhi ya jua kali. Baba Mapacha alikuwa ameshashuka mapema kuondoa tope lililoingia, na alikuwa pale pale chini ya pipa, kwenye sakafu ya duara. Hiyo ni sheria inayojulikana na kila mtu: chini kuna mtu, hakiteremki kitu mpaka aitwe na ajibu. Pipa lilikuwa juu, limekaa kwenye ubao mdomoni. Mhandisi alisimama na daftari, dereva wake kando ili atafsiri. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu.

"Ataanza msomi," akasema Mwenyekiti. "Mzee atafuata, kama bado atapenda."

"Nitapenda," nikasema.

Mpwa akasogea, akaomba nipishe kiti. Nikainuka, nikasimama nyuma ya nguzo. Hapo Mwenyekiti akafanya ambalo hakuna aliyelitarajia. Ili kumwonyesha mhandisi anavyomwamini mpwa wake, akavaa kofia ya chuma juu ya kofia yake ya kawaida, akaingia ndani ya pipa na viatu vyake vya ngozi, akashika kamba kwa mikono miwili. Wachimbaji wawili wakaondoa ubao chini yake. Sasa alikuwa ananing'inia juu ya mdomo wa duara, anatabasamu kama anapigwa picha.

Mpwa akamgeukia mhandisi kwanza, kwa heshima, aeleze atakachofanya. Alikuwa na Kiingereza kirefu kweli. Nilichokamata ni kwamba alikuwa anasema akitaka mjomba wake arudi atawaambia nini. Akafika kwenye kamu.

"APU!" likaitika turubai.

Mwenyekiti akaondoka. Alipanda juu kama bendera ya shule, tabasamu bado liko usoni kwa sababu lilikuwa halijapata taarifa. Kofia ya chuma ikagonga kapi, ngo!

"Wewe!" akapiga kelele. "Niteremshe! Unanipeleka wapi?"

Mpwa akachanganyikiwa, akainua mikono, akasema kwa Kiingereza ngoja, ngoja, mshikilieni, na kushikilia kwao ni holdi.

"ONI!"

Wakasimama. Mwenyekiti akabaki huko juu anazunguka polepole, upande huu tunamwona uso, upande ule tunamwona suruali. Mama wa maandazi alikuwa ameketi chini kwa kucheka. Mimi nilikuwa nimekumbatia nguzo, machozi yananitoka. Niseme ukweli, tangu nitolewe kwenye kifusi sikuwa nimepata raha kama ile.

Mhandisi alikuwa haelewi chochote. Akamgeukia dereva wake, akamwambia nenda kawaambie wale watu waache. Kwa lugha yake. Na kwa lugha yake nenda inaanza na go.

"DAUNI!"

Pipa likateremka. Likapita usawa wetu, nikaona macho ya Mwenyekiti yakipita, halafu kofia, halafu kamba tu. Watu wakaangua kicheko kingine. Na katikati ya kicheko kile nikasikia sauti kutoka chini, ndogo, ile sauti ya mtu aliye ndani ya ardhi, inayofika juu ikiwa imevuliwa nguvu zote:

"Nani ameshusha? Hamjaniita! Nani yupo hapo juu?"

Baba Mapacha.

Nilimsahau. Nilikuwa naangalia mpira wangu.

Sikumbuki nilivyofika mdomoni. Wanasema niliruka kwa mguu ule ule mbovu. Nilimsukuma Mpwa akakalia tope. Nikapiga kelele, "Holdi!"

"Oni!"

Kamba ikakaza, ikatetemeka. Nikaita chini, "Baba Mapacha! Uko wapi?"

"Nimejibana ukutani. Hapa juu ya kichwa changu kuna viatu vya ngozi. Ni vya nani?"

"Vya Mwenyekiti."

"Amekuja kukagua?"

"Kaa hapo hapo ulipo. Usitoke."

"Nitatokaje na mkutano wote umehamia huku?"

"Kamu!" nikaita.

"Apu!"

Mwenyekiti akatoka akiwa na rangi ya majivu. Hakuumia. Suruali yake sitaieleza, kwa kuwa orodha yangu ni ya makosa tu. Pipa likarudi, safari hii kwa kuitana na kujibiana kama inavyotakiwa, likamleta Baba Mapacha, amejaa tope mpaka masikioni. Alitazama watu wote mmoja mmoja, akanitazama mimi mwisho, na muda mrefu kuliko wote. Ananijua. Alijua nilikuwa nimesimama wapi na nilikuwa nafanya nini.

"Mpira uliishaje?" akaniuliza taratibu.

Hakuna mwingine aliyeelewa. Nisingeumia hivyo kama angenipiga na sepetu.

Mhandisi akafunga daftari. Akasema kupitia dereva, bila kupaza sauti: hawa watu wanazungusha neno likiwa nusu. Mtu yeyote akipita hapa akisema nusu ya neno, mtu anaweza kufa. Nani amewafundisha hivi?

Vijana wanne walikuwa wametoka nyuma ya turubai. Wakatazama vidole vya miguu yao. Mwenyekiti alikuwa bado anatafuta pumzi. Mpwa alikuwa anafuta tope kwenye shati. Kumi na saba sisi, na kila mmoja alikuwa anajua jibu. Mimi ndiye mtu wa kutaja wahusika pale Katoro. Kila mahali watu wakikaa, mimi ndiye ninayesema nani aliweka mti mbichi na nani alikwenda kuangalia mpira. Walikuwa wananingoja nitaje.

Nilikitazama kile kiti cha plastiki. Kilikuwa kimeangukia ubavu, upande usio na mkono.

"Mimi," nikasema. "Niliwafundisha mimi. Na nilijua wanaitika sauti ya yeyote, nikanyamaza, ili huyu kijana aaibike."

Dereva akatafsiri. Nadhani aliongeza maneno, maana ilikuwa ndefu kuliko nilivyosema. Mhandisi akanitazama, akauliza swali moja: inaweza kuwatoka?

"Inaweza. Lakini ni mimi niliyewaingizia, najua ilipoingilia. Akija mwingine watamwitikia mpaka siku ya mwisho."

Sikuwa najitetea. Ilikuwa kweli, ingawa nakubali ilikuwa kweli iliyonipendelea.

Mhandisi akamgeukia Baba Mapacha, akamwuliza yeye anayeshuka anataka nani akae pale. Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza mtu anayeshuka, tangu maduara yaanze. Baba Mapacha akajikuna tope shingoni.

"Mpe huyu," akasema. "Leo ameogopa. Yule mwingine hakuogopa."

Basi nikapewa, kwa mwezi mmoja wa kuangaliwa, na kwa masharti: neno linatoka zima, kichwa na mkia, kutoka mdomo mmoja, mara mbili, na halitoki kabisa mpaka aliye chini ajibu. Mpwa hakuachwa hivi hivi. Aliwekwa getini na daftari, anaandika nani ameingia na nani ametoka. Hatimaye nikamwona mtu ambaye kazi yake inahitaji ajue kama hii ni peni. Anaifanya vizuri, na siku hizi tunasalimiana. Mwenyekiti akipita karibu na pipa huwa anazunguka mbali, kama ng'ombe anayekumbuka josho.

Kuwatoa vijana kwenye mtindo ule kulinichukua wiki nzima. Nilikuwa nasema kichwa peke yake makusudi, na anayeitika ananunua maandazi ya wote. Mama wa maandazi aliomba sana nisiharakishe.

Asubuhi ya kwanza baada ya hapo, Baba Mapacha alikuja akasimama mbele ya kiti changu, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka."

"Leo hakuna mechi?"

"Hakuna, bhabha. Panda."

Akaingia kwenye pipa. Vijana walikuwa nyuma ya turubai, kimya, nasikia mmoja anameza mate. Nikasema neno lote mimi mwenyewe, go dauni, nikalirudia, na kamba ikaanza kushuka. Niliihesabu kwa macho mpaka ikalegea. Halafu ile sauti ndogo ikaja kutoka ardhini.

"Bado upo?"

"Nipo."

Ananiuliza hivyo mpaka leo, kila baada ya dakika chache, kutwa nzima. Anafanya makusudi, ili nisipate hata nafasi ya kunywa chai. Chai yangu wanakunywa kuku. Nami najibu.

"Nipo."